Nilivyompeleka mjomba Wimbledon: uzoefu wangu

Naandika hii kwa wapenzi wa tenisi walioko Uingereza au wanaopanga kuja, kwa sababu mimi nilipokuwa natafuta habari za hii ziara ya kutembezwa ndani ya viwanja vya tenisi vya Wimbledon, London, kwa Kiswahili sikupata kitu. Mwezi wa kumi 2025 mjomba wangu alikuja kunitembelea kutoka Mombasa, mzee wa miaka 68, na nilipomuuliza anataka kuona nini London hakutaja daraja wala kasri ya mfalme, alinambia Wimbledon basi. Mjomba ujanani alikuwa akiokota mipira kwenye klabu moja pale kisiwani, wenyewe wakishamaliza kucheza wanawaachia vijana raketi kuukuu wapige kidogo kabla magharibi haijaingia, kwa hiyo mapenzi yake na huu mchezo hayakuanzia kwenye tivi.

Kwanza tiketi, hapa sikilizeni vizuri. Mimi nilikimbilia mtandao wa kwanza niliouona, mtu wa kati tu, nikalipa zaidi ya bei yenyewe na tiketi ikaja usiku wa kuamkia siku ya safari, nilikuwa na wasiwasi mpaka nikakosa usingizi. Nunua moja kwa moja kwenye tovuti ya klabu ya Wimbledon yenyewe, na ubuku mapema. Na usipange kuja wakati wa mashindano, mwisho wa mwezi wa sita na mwanzo wa saba, wakati huo hakuna ziara.

Kufika pia kuna kitu cha kujua. Jina linakudanganya ushukie steshoni ya Wimbledon lakini treni ya District line shuka Southfields, ni karibu zaidi, kutoka hapo ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, au panda basi namba 493. Sisi tulipanda basi kwa ajili ya magoti ya mzee. Unaingilia geti namba 4 barabara ya Church Road, kwenye jumba la makumbusho.

Ziara ni kama saa moja na nusu hivi. Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, anaongea taratibu, anasubiri wenye miguu mizito, na swali hata liwe dogo vipi analijibu kwa heshima. Nlimpenda sana. Kile kiwanja cha pili kwa ukubwa, No.1 Court, tulikiona, kizuri, nacho kina paa tangu 2019, ila sina mengi ya kusema hapo.

Pale Court 18 ndo watu walianza kuchangamka. Ni kiwanja kidogo tu, ukipita haraka hukioni, lakini ukutani kuna kibao cha kumbukumbu ya ile mechi ya wachezaji Isner na Mahut ya 2010, ilochezwa siku tatu, jumla saa 11 na dakika 5, seti ya mwisho 70 kwa 68! Nilishasoma habari zake mara nyingi lakini ukiona vile viti vichache, na yale majani, halafu ufikirie watu wawili wamesimama pale wanapiga mpira mpaka ubao wa matokeo ukashindwa kuhesabu, mwili unasisimka. Mjomba aliweka kidole kwenye zile namba, akazisoma kwa sauti moja moja, seti zote tano.

Sasa Centre Court yenyewe, kiwanja kikuu.

Unapanda ngazi, unapita kwenye upenyo, halafu ghafla kiwanja kiko mbele yako. Mjomba alisimama palepale mlangoni mpaka watu wa nyuma wakabidi wapite pembeni. Cha kwanza alichosema, "Mbona kadogo hivi?" na ni kweli, kwenye tivi unaona kitu kikubwa kama uwanja wa mpira lakini ukifika ni watu kama elfu 15 tu, na viti vya kijani vimekizunguka kiwanja kwa karibu sana, nadhani aliyekaa mstari wa mbele anasikia mchezaji akihema. Kimya. Hakuna mtu anayekwambia nyamaza, mwenyewe tu unajikuta unanong'ona.

Halafu hayo majani! Ni aina moja tu ya nyasi kiwanja kizima, na wakati wa mashindano yanakatwa yabaki milimita 8, hizo ni pungufu ya upana wa kidole changu cha mwisho. Kuyagusa hakuna, hata mkono usipeleke. Mwongozaji akatueleza kwamba mashindano yakiisha huwa wanazungushia fensi ya umeme ndogo, sababu yake mbweha, London wamejaa mbweha usiku, na mkojo wao unaunguza majani. Akatuambia pia kwa miaka mingi hapo alikuwa hachezi mtu nje ya mashindano, isipokuwa Jumamosi kabla hayajaanza walikuwa wanaingia kina mama wanne wanachama wa klabu, wanacheza ili kuyazoesha majani. Mjomba hilo lilimgusa, akaniambia kule kwao na wao asubuhi walikuwa wanafagia na kumwagia maji kiwanja kabla wakubwa hawajafika, "na sisi tulikuwa wa kwanza kukikanyaga, mwanangu."

Tukakaa kwenye viti. Mimi nikamkumbusha fainali ya 2008, Nadal na Federer, mvua ikikatiza, tuko sebuleni kwake mtaa wa Tudor, Mombasa, tumejazana, mechi imeisha saa tano na robo usiku kwetu na kule kwenyewe kiza kimeingia karibu mpira hauonekani, mjomba alikuwa wa Federer na usiku ule hakula. Paa liliwekwa mwaka uliofuata tu, 2009. Akaliangalia lile paa juu, akauliza linachukua muda gani kufunga, akaambiwa dakika kumi hazifiki. Akatikisa kichwa. Akasema lingewahi mwaka mmoja tu, Federer angeshinda. Mimi siamini, Nadal siku ile alikuwa hashikiki, lakini sikubishana naye.

Mambo mengine kuhusu hapo nilikuwa siyajui kabisa, kama lile bomu la mwezi wa kumi 1940 wakati wa vita, liliangukia Centre Court hiihii na viti 1,200 vikaharibika. Na kwamba kuanzia 2025 hawana tena waamuzi wa mistari, wale waliokuwa wanachuchumaa na kupiga kelele "auti", sasa ni mashine tupu.

Halafu wanakupeleka chumba cha waandishi wa habari, unakaa kwenye kiti wanachokaa wachezaji baada ya mechi, maikrofoni mbele. Wageni wengine walikuwa wanapiga picha na kuondoka. Mimi nikashika simu nikamuhoji mjomba kwa Kiswahili, "Mzee, unajisikiaje leo?" Akakaa sawa, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mwanangu, nashukuru Mungu nimefika." Sauti ilimkwama kidogo. Hiyo video nimeituma kwenye grupu ya familia na kila mtu amelia.

Makumbusho jipe saa nzima au zaidi, usiyakimbilie. Makombe yenyewe yapo pale, la wanaume lina nanasi juu kabisa, nanasi kweli, nimelitizama karibu mpaka vipele vyake. Mjomba alitaka hasa mambo ya Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua kombe hili, 1957, mwaka aliozaliwa yeye, na Arthur Ashe, mwanamume mweusi wa kwanza kulichukua, 1975, hiyo anaikumbuka kwa redio.

Nami nilikuwa na langu. Nilimuuliza mwongozaji kama anamfahamu Angella Okutoyi. Mkenya wetu huyu mwaka 2022 alichukua ubingwa wa wasichana wawili wawili hapahapa Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, walipoteza seti ya kwanza, wakachukua ya pili, ile ya kumalizia wakashinda 11 kwa 9. Na upande wa pili wa neti alikuwepo Victoria Mboko, mtoto wa wazazi wa Kongo anayechezea Canada, ambaye 2025 amebeba kombe kubwa Montreal. Yule mama akasema ngoja, akatoa kidaftari, akaniomba nimtamkie jina polepole, O-ku-to-yi, akaliandika, akasema akipata tena wageni kutoka Kenya atawaambia. Hilo kwangu lilitosha nauli yote.

Mjomba ameshaondoka. Kabla ya kupanda ndege alinitaka nimuelezee ile foleni ya mwezi wa saba, watu wanalala kwenye mahema Wimbledon Park wakisubiri tiketi za siku, nikamwambia mwakani nalala mimi, na nikiingia tu nampigia video.