Plasta ngumu ya pia ya goti: uzoefu wangu

Ninayoitathmini ni ile plasta ya kahawia isiyovutika, upana sentimita 3.8, pamoja na nyeupe laini inayotangulia chini yake kulinda ngozi. Juu natumia Leukotape P, chini Hypafix. Zile za rangirangi zinazovutika wanazobandika wanamichezo ni kitu kingine. Hazina ubavu wa kuisukuma pia ya goti. Mbinu yenyewe ni ya Jenny McConnell, mtaalamu wa viungo wa Australia, aliyeiandika mwaka 1986 kwa ajili ya maumivu ya mbele ya goti: yale yanayochoma ukishuka ngazi, ukichuchumaa, au ukikaa safari nzima magoti yamekunjwa.

Kwa kutuliza maumivu naipa nyota nne kati ya tano. Kwa yale yanayosemwa kuhusu msuli wa paja, mbili.

Kabla ya kubandika chochote, tafuta kitendo kimoja kinachouma, mfano kushuka kwa mguu mmoja kwenye kidato cha sentimita 20, ukipe alama kati ya 0 na 10. Ukishabandika, rudia kitendo kilekile. Natarajia alama zishuke angalau nusu, papo hapo. Zisiposhuka, bandua ubadili mwelekeo. Anayekuambia usubiri siku tatu plasta "izoee" hajui anachobandika.

Nywele za goti zinyolewe siku moja kabla, si asubuhi ileile, maana gundi juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa inawasha vibaya sana. Osha kwa sabuni, kausha, usipake mafuta. Kaa mguu umenyooka, taulo limekunjwa chini ya goti, paja limelegea kabisa. Hapo ndipo wengi wanakosea: paja likikazwa, pia inajibana kwenye mfereji wake na huisogezi hata kidogo. Bandika nyeupe kuanzia ukingo wa nje wa pia hadi upande wa ndani wa goti, bila kuivuta na bila mkunjo. Kisha kata kahawia kiasi cha sentimita 12 hadi 15. Mwanzo wake ushike ukingo wa nje wa pia. Kidole gumba kisukume pia kuelekea ndani, na vidole vya mkono wa pili vikusanye nyama ya upande wa ndani kuileta kwenye pia. Ndipo unavuta na kubandika. Ukifanya sawasawa utaona vikunyanzi vya ngozi upande wa ndani wa goti. Vikikosekana, umepamba tu. Ishia kabla ya ile mikano unayoishika nyuma ya goti kwa ndani, na usizungushe mguu mzima.

Kosa linaloongeza maumivu ni kukandamiza ncha ya chini ya pia. Pale chini kuna kifuko cha mafuta chenye neva nyingi. Kikibanwa, goti linauma hata kulinyoosha tu. Mwenye maumivu ya hapo simbandiki kwa kuvuta ndani peke yake: kipande kimoja kinapita nusu ya juu ya pia ili ncha ya chini inyanyuke, halafu viwili vinaanzia kwenye kinundu cha mfupa wa muundi na kupanda kila upande kama herufi V, vikiinua nyama kuelekea pia.

Sasa msuli. Ule wa ndani ya paja, wenye uvimbe kama tone juu kidogo ya goti, huvuta pia kuelekea ndani. Wa nje huvuta kinyume. Wauzaji husema plasta "inaamsha" wa ndani. Mwaka 2002 Cowan na wenzake huko Australia walipima umeme wa misuli wakaona, kwa wenye maumivu, plasta inaufanya msuli wa ndani uwahi kuanza kazi ukilinganisha na wa nje. Mwaka huohuo Ng na Cheng, Hong Kong, walikuta maumivu yamepungua lakini mchango wa msuli wa ndani ukilinganisha na wa nje nao umeshuka. Kuwahi kuanza na kufanya kazi zaidi ni mambo mawili, na maelezo ya pakiti huyachanganya. Nionavyo mimi, maumivu yakitulia mguu unakubali mzigo, na mzigo ndio unaojenga paja. Kwa hiyo plasta ikishakaa, fanya mazoezi hapohapo: kuchuchumaa nusu ukiegemea ukuta, kushuka kidato taratibu, mara 10 kwa seti 3, na mazoezi ya nyonga. Kubandika halafu ukakaa kwenye kochi ni kupoteza plasta.

Kwa wenye magoti yaliyosagika, jaribio lililochapishwa kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza, mwaka 2003, watu 87, wiki tatu, lilionyesha nafuu kwa asilimia 73 ya waliobandikwa sawasawa, 49 ya waliobandikwa bila kuvuta, na 10 ya wasiobandikwa. Hiyo 49 isikupite: kule kushikwa ngozi tu kuna sehemu yake.

Nyota moja naikata kwa sababu ya gundi. Kwenye joto la pwani jasho linailegeza. Naibadili kila siku, na usiku goti linapumzika. Jaribu kwanza kipande kidogo kwa saa 24. Mwasho wenye vipele maana yake ni mzio; malengelenge kwenye ukingo mmoja maana yake umevuta bila kukusanya nyama. Anayeswali asihofu udhu, haufiki gotini, ila kikao cha tahiyatu kinakunja goti hadi mwisho na ndicho kinachoing'oa mapema. Goti lililovimba na kupata moto, linalokwama, au lililoumia kwa kuanguka, usilibandike, lipeleke hospitali. Vivyo hivyo usimbandike mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni, kwa sababu hatasikia ngozi ikichanika.

Kubandua: mafuta ya nazi kwenye kingo, subiri dakika tano, kunja plasta irudi juu yake yenyewe huku mkono mwingine ukishikilia ngozi. Ukiinyofoa kwa mkupuo itaondoka na ngozi, na wiki nzima hutabandika tena.