Uzoefu wangu: muhula mmoja wa maikroekonomia katika chuo cha jamii

Nianze na alama, maana najua wengine mtasoma mstari huu mmoja na kwenda zenu: nyota 4 kati ya 5. Somo lenyewe ningelipatia 5, mwalimu 5, na programu ya mazoezi ya mtandaoni 1, na hiyo 1 ni kwa sababu hakuna sehemu ya kuweka sifuri.

Maikro, yaani uchumi wa mnunuzi, biashara na soko moja moja, sikuichagua. Nasomea utawala wa biashara katika chuo cha jamii hapa Marekani, nikimaliza miaka miwili nataka nihamie chuo kikuu, na kwenye orodha ya masomo yanayokubalika kuhamishwa nayo ilikuwemo: krediti 3, wiki 16, Jumatatu na Jumatano, saa moja na robo kwa kipindi. Mshauri wa masomo aliniambia nikijua aljebra ya shule nitapita. Alisema ukweli nusu. Hesabu ni za kawaida kabisa, kujumlisha, kugawanya na asilimia. Kinachotoa jasho ni kusoma mchoro na kujua umeulizwa nini.

Darasa lilikuwa na watu kama thelathini. Mbele yangu alikaa kijana ambaye bado yuko sekondari, ameruhusiwa kuchukua masomo ya chuo mapema. Nyuma yangu alikaa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anakuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku hospitalini, sare bado mwilini. Mchanganyiko huo ndio uzuri wa vyuo hivi, nitaurudia.

Wiki ya tatu nilikuwa najiona bingwa. Mahitaji na ugavi, nani hajui? Bei ikipanda watu wananunua kidogo, bei ikishuka wananunua zaidi, basi. Mtihani wa kwanza ukarudi na 61. Nilichemka vibaya, tena kwenye maswali niliyokuwa na uhakika nayo. Moja liliuliza: bei ya kahawa imepanda, mahitaji ya kahawa yanakuwaje? Nikajibu yanapungua. Kosa. Mahitaji hayajaguswa, kilichopungua ni kiasi kinachohitajika. Kwenye mchoro, mahitaji ni mstari mzima unaoonyesha watu wangenunua kiasi gani kwa kila bei. Bei ya kitu chenyewe ikibadilika unateleza juu ya mstari uleule. Mstari mzima unahama pale tu kinapobadilika kitu kingine: kipato cha watu, bei ya chai, idadi ya wanunuzi, au watu wakitarajia bei ya kesho itakuwa nyingine.

Nilimfuata mwalimu kwenye saa zake za ofisini na lile karatasi langu la aibu. Hakunihubiria. Aliegemeza mkono wake wa kushoto ubaoni, kutoka kiwiko hadi vidole, umelala mshazari kama mstari wa mahitaji, akatelezesha kidole cha mkono wa kulia kutoka kwenye kiganja kupanda hadi kwenye kiwiko. "Bei hiyo." Kisha akausogeza mkono wote kulia. "Kipato hicho." Dakika mbili, na sijakosea tena swali la aina hiyo.

Hapa niseme na wenzangu tunaofikiri kwa Kiswahili. Sisi neno mahitaji tunalitumia kwa kile mtu asichoweza kukikosa: chakula, dawa, ada. Kwenye somo hili maana si hiyo. Mgonjwa asiye na pesa ya dawa ana shida ya dawa, lakini kwenye ule mstari hayumo, kwa sababu mstari unahesabu wanaotaka na wenye uwezo wa kulipa. Nilipolielewa hilo nilikasirika kidogo, kisha nikaona afadhali kulijua. Soko linamsikia mwenye pesa mkononi, na grafu haijaficha hilo. Ni mimi nilikuwa nasoma neno langu la nyumbani ndani ya neno lao.

Jambo jingine dogo litakalowasumbua waliozoea hisabati: bei inakaa kwenye mhimili wa wima na kiasi kwenye mhimili wa mlalo, ingawa tunasema bei ndiyo inayoamua kiasi. Ni desturi iliyoenezwa na mchumi Mwingereza Alfred Marshall na kitabu chake cha mwaka 1890, na hakuna aliyejisumbua kuigeuza. Zoea tu.

Sasa programu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha bure, kile cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, kwa hiyo nikadhani nimeokoa pesa. Kumbe kulikuwa na namba ya siri ya kununua ili uingie kwenye mazoezi ya mtandaoni, na mazoezi hayo ni asilimia 20 ya alama za muhula. Usipoinunua umezitupa. Mwanafunzi hawezi kutafuta ya bei nafuu kwingine, na baadaye tulipofika kwenye ukiritimba darasa zima lilicheka bila mwalimu kutaja mfano.

Kibaya zaidi, programu inajua kukataa tu. Jumapili moja, dirisha linafungwa saa sita usiku, nikapewa swali la unyumbufu, yaani kiasi kinaitikiaje bei (asilimia ya badiliko la kiasi ugawe kwa asilimia ya badiliko la bei): bei imepanda kutoka dola 4 hadi 5, kiasi kimeshuka kutoka 100 hadi 90. Nikapiga: kiasi kimeshuka asilimia 10, bei imepanda asilimia 25, jibu 0.4. Si sahihi. Nikajaribu kinyume, kama bei imetoka 5 kurudi 4, nikapata 0.56 hivi. Si sahihi. Jaribio la tatu nikaweka alama ya kutoa mbele. Si sahihi, majaribio yamekwisha, kwaheri.

Jumatatu mwalimu akaonyesha kuwa hayo majibu yangu mawili ndiyo somo lenyewe. Njia ileile ikikupa 0.4 ukienda na 0.56 ukirudi, njia ina kasoro. Ndiyo maana hugawanyi kwa namba ya mwanzo wala ya mwisho, unagawanya kwa ya katikati: 10 kwa 95, na 1 kwa 4.5. Inakuja 0.47, uende au urudi. Na kwa kuwa ni chini ya 1, muuzaji akipandisha bei anapata zaidi: 4 mara 100 ni 400, 5 mara 90 ni 450. Kizuri kama hicho, programu ilikuwa imekificha nyuma ya alama nyekundu ya kosa.

Sura za gharama ndizo zinazoangusha watu. Kuna mistari minne kwenye mchoro mmoja na yote inafanana. Kilichonisaidia ni kuacha kuikariri na kujaza jedwali kwa mkono. Moja bado ninalo daftarini. Karakana ya viti ina gharama isiyobadilika, kama pango, ya dola 60 kwa siku, izalishe isizalishe. Gharama nyingine zinapanda kulingana na idadi ya viti: kiti kimoja 20, viwili 35, vitatu 54, vinne 80. Bei sokoni ni dola 25. Kiti cha tatu kinaongeza gharama ya 19, kinalipa. Cha nne kinaongeza 26, hakilipi. Basi tengeneza vitatu: unaingiza 75, umetumia 114, hasara 39. Mimi na yule kijana wa sekondari tukaandika jibu kwa pamoja: funga karakana. Mwalimu akauliza, ukifunga leo unapoteza ngapi? Sitini. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nikajisemea kimoyomoyo. Na hiyo ndiyo kanuni yote ya kufunga au kutofunga kwa muda mfupi. Ilimradi bei inafidia gharama zinazobadilika, endelea. Ukomo wa mkataba wa pango ukifika, hapo ndipo unafikiria kuondoka.

Kipindi ambacho sitakisahau ni cha kima cha chini cha mshahara. Kitabuni mchoro ni mwepesi: weka mshahara juu ya msawazo (pale wanaotaka kazi na kazi zilizopo vinapolingana), wanaotaka kazi wanaongezeka, kazi zinapungua. Yule mama wa hospitali akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mimi nikiongezwa, mwenzangu anafukuzwa?" Mwalimu akaacha kitabu, akatueleza utafiti wa wachumi David Card na Alan Krueger uliochapishwa 1994. Jimbo la New Jersey lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 mwezi Aprili 1992, Pennsylvania jirani haikupandisha. Wakalinganisha mikahawa ya chakula cha haraka pande zote mbili za mpaka, na hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Wachumi wengine walizipinga takwimu zao na ubishi ukaendelea miaka mingi. Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2021. Krueger alikuwa ameshafariki. Tukajifunza pia kwamba mwajiri akiwa mkubwa peke yake mjini, mchoro wenyewe unabadilika. Kima cha shirikisho, cha Marekani nzima, kimekaa dola 7.25 tangu 2009, kwa hiyo kila mtu darasani alikuwa na la kusema. Kipindi kiliisha na hakuna aliyeinuka.

Hilo huwezi kulipata kwenye toleo la mtandaoni la somo hili. Rafiki yangu alilichukua hivyo, la wiki 8, mwalimu ni barua pepe na ile programu ni mungu. Alipita, ila ukimuuliza kwa nini mstari wa gharama ya ziada (ya kutengeneza kimoja zaidi) unakata ule wa wastani wa gharama kwenye sehemu yake ya chini kabisa, anakuambia ndivyo ilivyo. Sisi tuliambiwa tufikirie alama zetu: mtihani mpya ukiwa chini ya wastani wako, wastani unashuka, ukiwa juu, unapanda. Basi.

Kuhusu muda: panga saa sita kwa wiki nje ya darasa, na usizihesabu zile za kulala juu ya daftari. Mimi niliacha zamu moja ya kazi kila wiki ili nipate hizo saa. Gharama ya fursa, yaani kile unachokiacha ili upate kingine, niliijua mfukoni kabla sijaijua kwenye mtihani. Kituo cha masomo ya ziada ni bure na kilikuwa kitupu hadi wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, halafu foleni mlangoni. Nenda wiki ya nne. Nunua penseli na karatasi za miraba, chora kila kitu kwa mkono, hata kama programu inakuchorea.

Nilimaliza na B+, krediti zimekubaliwa ninakohamia. Muhula ujao nachukua makro, uchumi wa nchi nzima, kwa mwalimu huyohuyo, ana kwa ana. Nimeshaulizia namba ya siri: ni lazima kununua nyingine, ile ya maikro haifai.