Tovuti iliyotuhamishia Msumbiji

Tovuti yenyewe si mbaya, nianze na hilo nisije nikaonekana mchokozi. Ni hazina ya data za utafiti wa afya, bure, na metadata, yaani maelezo ya kila sampuli imetoka wapi na lini, unashusha bila kuomba ruhusa kwa mtu. Vibali ni vya data za wagonjwa wenyewe, na hapo sina ugomvi. Nikiwa hapa Chake Chake, umeme ulikatika faili likiwa nusu, uliporudi likaendelea pale pale. Nikasema, kumbe wapo watu wanaojua kazi.

Basi nikalifungua.

Nilikuwa nasaka sampuli za kichocho, mkojo wa watoto wa skuli, nijue zimetoka wapi na zilichukuliwa masika au kiangazi. Safu ya mahali: Pemba. Safu ya nchi: Tanzania. Latitudo: digrii 13 kusini. Nikafikicha macho. Pemba yetu iko digrii 5! Nikazimwaga kwenye ramani, vidoti vyote vikaangukia Cabo Delgado. Msumbiji upo mji unaitwa Pemba, sawa, na wenyewe nawaheshimu, lakini watoto wa Micheweni wamefikaje huko? Nahisi kuna mashine iliulizwa Pemba ni wapi, ikashika ya kwanza iliyoiona.

Mama aliponisikia nagombana na kompyuta akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, kwenda Wete sasa nitatakiwa pasi?"

Kosa ningelisamehe, wallahi. Kilichonikwama kooni ni majibu. Niliwaandikia kwa adabu, salamu, shukrani, na picha ya ramani juu yake. Siku nyingi baadaye mtu akanijibu mistari miwili: nihakikishe ramani yangu, na rekodi hurekebishwa na aliyeiwasilisha tu. Ramani yangu! Mimi niliyezaliwa hapa nielekezwe Pemba iko wapi! Nikamwandikia huyo aliyewasilisha. Anwani imekufa, barua ikanirudia.

Nikitulia nakiri utaratibu wao una maana. Kila mtu akiruhusiwa kuchokora rekodi za mwenzake patabaki nini? Lakini si wangeweka japo alama pembeni, kwamba hapa pana shaka? Mwanafunzi aliye mbali atachora ramani ya kichocho kwa namba hizo, kisiwa chetu kionekane kisafi, na Msumbiji wabebeshwe mzigo wetu juu ya wao.

Nilikusudia nyota tatu. Nikikumbuka lile neno la ramani, moja. Ila kushusha ni kwepesi kweli, hilo siwezi kuwadhulumu. Mbili.

Juzi nimechungulia tena. Namba zimebadilishwa, kimya kimya, samahani hakuna. Vidoti vimetoka Msumbiji, na sasa vinaelea katikati ya mkondo wa Pemba, baina yetu na Tanga. Hao watoto labda walifuatwa kwa ngalawa. Haya, angalau bahari ni yetu. Andikeni mbili na nusu.