Maiki Isiyolichosha Koo: Mwongozo wa Kununua kwa Studio ya Nyumbani

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa waimbaji wanaorekodi nyumbani yanafanana mno: baada ya muda mfupi koo linakwaruza, noti za juu hazifikiki, na prodyuza anasema mwimbaji ametoka nje ya ufunguo, yaani noti zake haziendani na wimbo. Wengi huambiwa wakafanye mazoezi ya kupumua, ilhali mara nyingi tatizo limeanzia kwenye maiki waliyouziwa.

Kigezo changu kikuu ni usikivu wa maiki, yaani nguvu ya mawimbi ya umeme inayotoa kwa sauti ileile, ambao wauzaji hawautaji kabisa. Maiki yenye usikivu mdogo, ikichomekwa kwenye saundi kadi dhaifu (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta), humfanya mwimbaji ajisikie kwa mbali kwenye hedifoni, na mtu asiyejisikia vizuri hupaza sauti bila kukusudia, jambo ambalo daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza tangu mwaka 1911. Shingo inakaza, nyuzi za sauti zinagongana kwa nguvu, na noti inapanda kupita inapotakiwa. Programu za kurekebisha noti kama Auto-Tune au Melodyne zitairudisha noti mahali pake, lakini mkazo ule utaendelea kusikika katika kila neno.

Nafasi ya kwanza naipa Rode NT1 ya kizazi cha tano, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hii ya Australia kuliko nyingine zote. Kelele yake ya ndani, yaani mvumo inaoutoa yenyewe, ni desibeli 4 tu. Mwimbaji akisimama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, nyuma ya kichujio cha pumzi, anaweza kuimba ubeti kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, na hata midomo inapoachana kabla ya neno la kwanza utasikia. Isitoshe, inatumia waya wa XLR (ule wa maiki unaoingia kwenye saundi kadi) na wa USB unaoingia moja kwa moja kwenye kompyuta, hivyo asiye na saundi kadi anaweza kuanza nayo. Ubaya wake ni kwamba inanasa pia feni, bodaboda na mvua juu ya bati. Tundika mablanketi mazito na uchague saa tulivu.

Ya pili ni Shure SM58, inayouzwa tangu mwaka 1966, ambayo huvumilia chumba chenye kelele. Ya tatu ni SM7B, nayo ya Shure, ambayo watu huinunua kwa kuiona kwenye video. Watengenezaji wenyewe wanasema inahitaji angalau desibeli 60 za geini (kiasi cha kuikuza sauti), ilhali saundi kadi ya Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha tatu inatoa 56. Ukilinganisha na NT1, sauti inayotoka kwenye SM7B ni hafifu kwa takriban desibeli 27. Afadhali SM7dB ya mwaka 2023, yenye kikuzaji ndani yake.

Maiki za bei ya chini zinazouzwa pamoja na stendi katika boksi moja zinafaa kwa demo, basi.

Linaloniudhi ni kwamba katika maduka mengi ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, hupewi nafasi ya kuijaribu maiki. Unalipa kwanza, boksi linafunguliwa, na hairudishwi tena. SM58 bandia zimejaa sokoni, na asiyewahi kuisikia ile halisi hawezi kuzitofautisha kwa macho. Duka linalokataa kukuunganishia maiki na hedifoni ili uimbe mistari miwili kwa sauti ya chini halistahili pesa yako.