Uzoefu Wangu na Unga wa Mitishamba wa Kutibu Vidonda

Nilitaka kuandika maoni haya mapema zaidi, lakini kila nilipoanza hasira ilinizidi nikaacha. Sasa kidonda kimefunga na ninatembea bila kuchechemea, hasira bado ipo, na nimeona ni afadhali niandike nikiwa nayo. Bidhaa ninayoizungumzia ni unga wa mitishamba wa kutibu vidonda, wa kijani kilichofifia, uliotiwa katika kopo la plastiki lisilo na maandishi yoyote: halina jina la mmea, wala siku ya kutengenezwa, wala jina la aliyeutengeneza.

Nilikuwa nimejikata ugokoni kwa ukingo wa bati. Jeraha halikuwa refu, ila lilikuwa na kina, na kila aliyewahi kuumia mahali hapo anajua kwamba ngozi ya ugoko ni nyembamba, imekaa juu ya mfupa, na haina haraka ya kupona. Watu ninaowaheshimu walinielekeza kwa mzee mmoja anayeuza dawa za asili, nami nilikwenda kwa moyo mweupe. Nimetumia dawa za asili tangu utotoni, na sikwenda pale kumjaribu mtu.

Baada ya kumwamkia nilimwuliza swali moja tu: "Mzee wangu, naomba kujua, humu mna miti gani?" Hakuniangalia. Aliwageukia waliokuwa wamekaa naye akasema, "Huyu amekuja kutibiwa au amekuja kuniibia dawa?" Walicheka wote. Kisha akanipa kopo na maelekezo mafupi, kwamba niunyunyize unga mpaka kidonda kisionekane, na nisikiguse kwa maji kwa siku saba. Nililipa nikaondoka nikiwa nimenyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Lazima niseme kweli kuhusu siku mbili za mwanzo, kwa sababu zilinidanganya. Damu ilikata, majimaji yalipungua, nami niliwaambia watu kwamba dawa ni nzuri. Sikuwa nimeona ndoto. Magome na majani ya miti mingi yana tanini, ile inayokaza ulimi ukiyatafuna, na tanini hukaza pia nyama ya juu ya kidonda ikapunguza unyevu. Lakini kukauka si kupona, na hilo nililijua siku ya tatu au ya nne, usiku, mguu ulipoanza kupwita kiasi kwamba shuka lenyewe lilikuwa mzigo.

Asubuhi nilikiangalia kidonda kwenye mwanga. Unga ulikuwa umeganda ukawa gamba gumu la rangi ya kijani iliyokolea, lenye nyufa kama matope ya bwawa lililokauka, na katika nyufa hizo ulikuwa unatoka usaha. Ngozi ya pembeni ilikuwa imevimba na ina joto. Harufu sitaieleza.

Muuguzi aliyenipokea alilowesha shashi kwa maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, akaifunika juu ya gamba, akasubiri, akabandua kidogo kwa kibano, akalowesha tena. Ilichukua karibu nusu saa. Kila kipande kilitoka na vinyweleo vya mguu, na kimoja kiling'oka pamoja na utando wa waridi wa ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota ukingoni, damu ikachuruzika upya. Hapo ndipo aliponiuliza, kwa upole, "Kaka, hii ni dawa gani?" Nikasema sijui. Akauliza kama ina kitu ambacho mwili wangu haupatani nacho. Nikasema sijui. Mtu mzima nimelala kitandani, nimejipaka kitu kwenye nyama mbichi, na sijui ni kitu gani! Aliniuliza pia lini nilichanjwa pepopunda mara ya mwisho, kwa sababu vimelea vyake hukaa udongoni na katika vumbi, huvumilia ukavu kwa muda mrefu sana, na ugonjwa wenyewe kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuingia mwilini. Mizizi iliyochimbwa, ikakaushwa na kutwangwa bila kuoshwa vizuri, inaweza kubeba udongo huo moja kwa moja hadi ndani ya jeraha. Nilichomwa sindano siku hiyohiyo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kwamba sitagusa tena dawa ya asili. Kiapo hicho hakikufika mbali, kwa sababu kilichokuja kunitibu, baada ya kidonda kusafishwa nami kupewa vidonge, kilikuwa asali: asali ya kutibia vidonda, iliyouawa vijidudu kwa mionzi, iliyopakwa kwenye shashi na kubadilishwa kila baada ya siku moja au mbili. Asali imo katika maandishi ya mafunjo ya tiba ya Misri ya kale yanayokadiriwa kuandikwa miaka ya 1600 KK, ikitumiwa juu ya majeraha pamoja na mafuta na nyuzi za kitambaa. Utamu wake mzito huwanyonya vijidudu maji, ina uchachu wasioupenda, na ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Zaidi ya hayo hailiachi jeraha likauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa ngozi ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu hupata ngozi mpya karibu mara mbili haraka kuliko kilichoachwa kukauka hewani. Niliposoma hayo nikiwa nimeegemeza mguu juu ya mto, nililikumbuka lile gamba, na ule utando wa waridi ulioondoka nalo.

Kwa hiyo nashindwa kusema kwamba mitishamba haifai. Hata mshubiri, ambao wengi wetu tumeutumia kwa ngozi iliyoungua, una utelezi unaotuliza, na chini ya ganda lake una utomvu wa njano unaowasha. Anayeijua kazi yake hulisimamisha jani utomvu huo uchuruzike kwanza. Huo ni ujuzi, na mwenye nao huweza kuueleza kwa maneno machache bila kupungukiwa na chochote.

Ndiyo maana, nilipoweza kutembea, nilimrudia yule mzee. Sikutaka fedha. Nilitaka kumweleza yaliyonipata, ili angalau aache kuwaambia watu wasioshe vidonda kwa siku saba. Alinisikiliza nusu, akasema kidonda kiliharibika kwa sababu nilikuwa na mashaka, na kwamba dawa yake haimpendi mtu wa maswali. Nilipokuwa njiani kwenda kwake nilikuwa nimejiandaa kumsamehe, pengine hata kuandika kwamba unga wake unafaa kwa michubuko midogo. Siandiki hivyo tena. Mtu aliyekaa na mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto ana kidonda kisogoni, anamkabidhi kopo lilelile kwa maelekezo yaleyale huku mguu wangu uko mbele yake na kovu bado ni jekundu, huyo simpi hata nyota moja. Nilimfuata yule mama nje nikamwomba amwoneshe muuguzi mtoto kwanza. Aliitikia, ila sijui kama alikwenda.

Kopo langu bado ninalo, limebaki nusu. Nimelibandika karatasi nikaandika siku niliyolinunua, mahali nilipopaka na kilichotokea. Pale pa kuandika miti iliyomo nimepaacha wazi.