Uzoefu wangu na pula ya krenki ya Park Tool CCP-22

Nina hii pula, kifaa cha kung'olea krenki (ile mikono ya baiskeli inayoshika pedali), mwaka mzima sasa na nimefunga nayo krenki za zamani pea nne bila kuharibu hata moja, ndio maana naandika.

Krenki zangu za kwanza za alumini zilikuwa Sugino za miaka ya 80, nzuri ajabu. Fundi akazigonga na nyundo zikaingia, akakaza bolti juu juu tu, baada ya siku chache ya kushoto ikaanza kucheza na mimi nikaendelea kuendesha, kumbe ekseli (ule mhimili wa katikati unaoshika krenki) ni chuma na krenki ni alumini, lile tundu la mraba lilikuwa linaliwa kila nikikanyaga pedali. Likishatanuka hata ukaze vipi halishiki tena. Iliniuma sana jamani.

Sasa mtu atauliza pula ya kung'olea inahusiana nini na kufunga. Inahusiana sana, krenki ya zamani hufungi mara moja ukaondoka, unafunga, unaangalia cheni imenyooka au la, unatoa, unabadilisha ekseli, unafunga tena. Mfano ule mraba una vipimo viwili, ISO na JIS ya Kijapani: krenki ya ISO, kama Campagnolo, ukiiweka kwenye ekseli ya JIS inabaki nje kama milimita 4.5 hivi. Huwezi kurudia hiyo kazi kwa nyundo.

Yenyewe ina mpini wake, inaingia kwenye thredi za krenki za milimita 22. Hizo thredi ni laini mno kwa hiyo izungushe kwa vidole mpaka iishe yote ndani, ikigoma toa uanze upya, usilazimishe. Na kabla ya hapo toa bolti NA washa (kile kipete cha chini ya bolti), narudia NA WASHA, maana ukiisahau pula itasukuma washa iliyokalia krenki badala ya kusukuma ekseli na thredi zote zitang'oka.

Kwenye kufunga mi nafuta ekseli na tundu mpaka pawe pakavu, grisi napaka kwenye bolti tu (wapo wanaopaka kote, tunabishana kila siku), halafu nakaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm) hadi Nm 35 hivi. Mara ya kwanza nilishangaa, nilipokuwa nakaza kwa kukadiria tu nilikuwa naishia chini kabisa ya hapo. Ila ukishafikisha acha, usiwe unaongeza kila ukirudi safari, krenki inazidi kupanda kwenye ekseli mpaka inapasuka.

Naipenda kwa kweli. Ila kama una krenki za Stronglight za zamani hii haikufai, zile thredi zake ni milimita 23.35, na za TA ni 23, kwa hiyo pima kwanza ndio ununue.