Ziara ya Kuongozwa hadi Nyumba ya George Everest, Mussoorie

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Dehradun, kaskazini mwa India, hupanda Mussoorie, mji wa milimani ulio umbali wa kilomita 35 hivi, kufuata baridi na picha. Wachache huendelea hadi Hathipaon, ilipo nyumba ya George Everest, aliyekuwa Mpima Mkuu wa India kuanzia 1830 hadi 1843. Ziara ninayoitathmini hapa ni ya nusu siku, huendeshwa na kampuni ndogo ya wenyeji, na hueleza jinsi wapima ardhi wa utawala wa Kiingereza walivyoishi na kufanya kazi katika nchi hii ya milima.

Sehemu iliyonivutia zaidi ilifanyika kwenye majani mbele ya nyumba. Kwa vijiti vitatu na kamba, mwongoza watalii alituonyesha kwamba ukipima upande mmoja wa pembetatu kwa usahihi, kisha ukazipima pembe zake, pande mbili zilizobaki unazipata kwa hesabu, na kila upande mpya huzaa pembetatu nyingine, hata ukavuka nchi nzima. Ndiyo maana huo upande wa kwanza ulipimwa kwa uangalifu wa ajabu: katika bonde la Dehradun, mwaka 1834 na 1835, walitumia fito za chuma na shaba nyeupe zilizounganishwa kwa namna ambayo joto halikubadilisha urefu uliopimwa. Pembe zilipimwa kwa theodolaiti kubwa yenye uzito wa karibu nusu tani, iliyohitaji kundi la wapagazi. Kwenye tambarare, ambako mchana mazigazi huchezesha macho, walijenga minara na kupima usiku kwa kulenga taa. Hewa safi kabisa ilipatikana majira ya mvua, na mvua ilikuja na malaria.

Everest mwenyewe aliugua homa akapelekwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1820 apate nafuu. Huko, badala ya kupumzika, alichunguza vipimo vya umbo la dunia vya Mfaransa Lacaille vya karne iliyotangulia na kuona kwamba huenda uzito wa milima ya jirani uliivuta timazi na kuharibu hesabu. Kisa hiki hakimo katika ziara, ingawa kwa mgeni kutoka Afrika kingefaa kuliko vingi vilivyomo.

Udhaifu mkubwa ni jinsi Mlima Everest unavyotumiwa kama chambo. Ziara huanza nao, na wageni kadhaa waliondoka wakiamini kwamba mwenye nyumba aliupanda. Mlima huo hauonekani kutoka Mussoorie. Jina lilipendekezwa mwaka 1856 na mrithi wa Everest kazini, Andrew Waugh, na Everest mwenyewe alilipinga. Nepal ilikuwa imewafungia wapimaji mipaka, hivyo kilele kilipimwa kutoka tambarare za India, umbali unaozidi kilomita 160, na hesabu zikafanywa na jopo la wakokotozi ambalo mkuu wake alikuwa Mbengali Radhanath Sikdar. Walipata futi 29,002, yaani mita 8,840 hivi; kipimo kilichotangazwa mwaka 2020 ni mita 8,848.86. Tofauti haifiki mita kumi! Jambo hilo lilipewa sentensi mbili tu, tukiwa tunasubiri watu wamalize kupigana picha.

Habari za Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka kijiji cha Milam, nazo zilitolewa baada ya kuulizwa. Alifunzwa upimaji Dehradun, kisha akaingia Tibet kwa siri na kufika Lhasa mwaka 1866. Alizoezwa kutembea hatua 2,000 kwa kila maili, akihesabu kwa tasbihi ya punje 100, moja kwa kila hatua mia, na kuficha maandishi yake ndani ya gurudumu la sala la Wabudha. Mwinuko aliupata kwa kipimajoto ndani ya maji yanayochemka, kwani kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Alipoanza kuyasimulia hayo, mwongozaji alichangamka kuliko wakati wowote, nami sikuelewa kwa nini hakuanzia hapo.

Bei ni ya wastani na njia ina mwinuko mkali, kwa hiyo vaeni viatu imara na mbebe maji yenu. Nendeni Oktoba au Novemba, ukungu wa majira ya mvua ukiwa umeondoka na vilele vyenye theluji vikionekana upande wa kaskazini. Ombeni kundi dogo, na mwambieni mwongozaji kabla ya kuondoka kwamba mnataka habari za Sikdar na Nain Singh kwa kirefu.